Damu ya Rangi ya Rozela: Kisa cha LDH, Uvimbe wa Taya na Boti ya Usiku

Tyubu yenye kifuniko chekundu ilifika maabara saa tisa alasiri, ndani ya kisanduku cha kubebea chanjo, imezungukwa na pakiti za barafu na kufungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Juu ya karatasi tabibu wa kituo alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: mtoto wa kiume, miaka 6, uvimbe wa taya la kushoto wiki tatu, naomba figo, ini na LDH. Damu ilitolewa saa tatu asubuhi, kwenye kijiji cha mwambao wa kusini mwa Kigoma. Tangu hapo ilikuwa imepanda boti, imekaa chini ya benchi karibu na injini, imeshuka Ujiji, imepanda bodaboda.

Niliiweka kwenye sentrifuji. Damu iliyo salama ikizungushwa hujigawa: chembe nyekundu zinakaa chini, juu yanabaki maji ya rangi ya nyasi kavu. Hii ilitoka na maji mekundu, rangi ya juisi ya rozela. Chembe zilikuwa zimepasuka na kumwaga vilivyomo ndani. Niliona. Hilo naliweka mbele kwa sababu kisa chote kinaegemea hapo. Niliona, foleni ilikuwa ndefu, nikapitisha sampuli kwenye mashine na majibu nikayatoa saa kumi na moja jioni bila neno lolote la tahadhari. LDH 3,410. Potasiamu 7.1.

LDH ni kimeng'enya kinachomwagika kwenye damu seli zikipasuka. Kwa mashine yetu, ya mtoto wa umri ule ikivuka 300 na kitu tunaanza kuulizana. Potasiamu ikivuka 5.5 tunapiga simu. Ikifika 7, moyo unaweza kusimama wakati wowote.

Kabla sijaendelea: umri, kijiji na mambo mengine kadhaa nimeyabadilisha, na kisa kimebeba vipande vya mgonjwa zaidi ya mmoja. Mtoto wa watu asitambulike.

Mtoto alianza na jino, na mara nyingi ndivyo ugonjwa huu unavyoanza. Gego la chini lilianza kucheza, na bibi yake akadhani ni meno ya utotoni yanataka kutoka. Kwa miaka 6 wala hakukosea kufikiri hivyo. Akampeleka likang'olewa. Kidonda hakikufunga. Gego la pili likalegea, ufizi ukajaa, shavu likapanda. Wakapewa dawa za jipu za siku saba. Lakini jipu la jino huuma usiku kucha, na hili halikumuuma. Mtoto alikuwa anacheza mpira na shavu lake vile vile. Bibi alikuja kuniambia baadaye: "Mwanangu, mimi nilikuwa nampima kwa fulana. Ijumaa shingo ya fulana inapita usoni, Jumatatu haipiti."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri zaidi ya limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga za mwili. Seli zake huongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, kasi ambayo saratani chache za binadamu zinaifikia. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe huu wa taya za watoto mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama uvimbe ule unaonekana pale. Ramani iliyopatikana ilifanana mno na ramani ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi ambacho wengi wetu tunakipata utotoni na kuishi nacho bila kujua. Kirusi hicho pamoja na malaria ya kurudia rudia ndivyo vinavyoandaa mazingira. Kigoma vyote tunavyo.

Tabibu wa kituo, kijana makini, alilishuku taya lile siku ya kwanza. Alinipigia simu akaniambia familia inatafuta nauli, itachukua siku mbili au tatu, je atangulize damu? Nikamwambia tanguliza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na la rangi ya rozela likawa la pili.

Tuje kwenye LDH yenyewe. Jina lake refu ni laktati dehidrojenasi, na kwa kazi yake imekaa mwisho wa mstari. Seli inavunja sukari mpaka inapata piruvati. LDH inaigeuza piruvati kuwa laktati, na katika kugeuza huko inarudisha kile kisaidizi, NAD+, kinachohitajika ili sukari nyingine iendelee kuvunjwa. Msuli wa mtu anayekimbia unaitumia hewa ikiwa haitoshi. Seli ya saratani inaitumia hata oksijeni ikiwa tele. Mjerumani Otto Warburg aliligundua jambo hilo miaka ya 1920, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa injini za seli hizo zimeharibika. Siku hizi maelezo yamebadilika, na mimi huwa nawaelezea wanafunzi wa mazoezi kwa mawese. Ukikamua chikichi kwa haraka unapata mafuta kidogo, lakini makapi yanabaki mengi, na makapi ndiyo unayotaka kama shida yako ni kuwasha moto. Seli inayojigawa kila siku inataka nguvu, ndiyo, ila zaidi inataka vifaa vya kujengea seli nyingine. Kuivunja sukari kwa njia ya haraka kunaiachia vifaa hivyo.

Kwa Burkitt kuna jambo zaidi. Jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli kukua na kujigawa, iliyoko kwenye kromosomu ya 8, hukatika na kuhamia mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili. Jirani huyo, kwenye seli za aina hii, hafungi duka. MYC nayo ikawa wazi mchana na usiku. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa moja ya jeni ambazo MYC inaziamuru ni ile inayotengeneza LDH-A, kipande kimojawapo cha LDH. Kwa hiyo kimeng'enya kile ambacho daktari anakiomba kwenye fomu kama kipimo cha kawaida kimefungamana na chanzo cha ugonjwa wenyewe. Amri iliyoianzisha saratani ndiyo inayokizalisha kwa wingi.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kikiwa ndani ya seli, LDH hatuioni. Tunaiona kwenye damu pale seli zinapokufa na kupasuka, na ikishafika huko haina kitambulisho cha ilikotoka. Ini linayo, moyo unao, misuli inayo, na chembe nyekundu zimejaa tele. Mgonjwa wa selimundu huwa nayo juu. Mwenye malaria kali huwa nayo juu. Aliyepungukiwa vitamini B12 anaweza kuwa nayo juu kuliko mgonjwa wa saratani. Naona siku hizi mitandaoni watu wanauziwa "kipimo cha saratani cha damu", na kwenye orodha LDH imo. Ukipimwa ukiwa umetoka kubeba magunia ya dagaa mwaloni, unaweza kurudi nyumbani na saratani ya kwenye karatasi.

Kazi halali ya LDH ni nyingine. Ukishajua ni limfoma, inakuambia mzigo ni mkubwa kiasi gani na unaenda kasi gani. Kwa Burkitt, LDH ya kawaida ni moja ya masharti ya kumweka mgonjwa kwenye kundi la hatari ndogo. Kwa limfoma za watu wazima imo kwenye alama za kutabiri mwenendo tangu mwaka 1993. Na inaonya kuwa uvimbe ukiguswa na dawa, seli nyingi zitapasuka kwa mpigo, zimwage potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki, na figo ziweze kuziba.

Ndiyo maana daktari wa watoto aliposoma 3,410 na 7.1 kwenye simu yake hakuwaza tyubu. Aliwaza alichofundishwa: kuna Burkitt inayojivunja yenyewe hata kabla ya dawa, na mtoto huyu anaweza asifike asubuhi. Namba mbili zilikuwa zinathibitishana. Hapo ndipo damu iliyopasuka ina ujanja wake: inapandisha vitu viwili ambavyo uvimbe unaojivunja ungevipandisha, tena kwa pamoja. Barafu nayo ilichangia. Tabibu alifunga tyubu kama alivyofundishwa kufunga chanjo, na kwa chanjo ubaridi ni uhai. Lakini damu nzima ambayo maji yake hayajatenganishwa, ukiipoza, pampu za chembe zinalala na potasiamu inavuja nje taratibu hata kama chembe hazijapasuka. Saa sita za barafu na mtetemo wa injini zilitosha.

Saa moja jioni daktari aliwapigia kituoni: mleteni usiku huu huu. Diwani akachangisha mafuta, boti ikaondoka saa mbili. Ulikuwa msimu wa kusi. Bibi alisimulia kwamba waliketi chini, mtoto katikati ya miguu yake, na wanaume wawili wakichota maji kwa ndoo njia nzima. Ng'ambo walikuwa wanaona karabai za wavuvi wa dagaa zikipotea na kutokea. Wakati fulani injini ilizimika, akahesabu Salamu Maria mpaka ikawaka. Walitia nanga Ujiji baada ya saa saba usiku, nguo zote chapa maji.

Daktari alimtoa damu mwenyewe. Mshipa mmoja, mpira wa mkono haukukazwa sana, bomba la sindano halikuvutwa kwa nguvu, na tyubu akaileta kwa miguu yake mpaka dirishani kwangu. Niliizungusha ndani ya nusu saa. Maji yalitoka safi. Potasiamu 4.4. LDH 1,260. Asidi ya yuriki ilikuwa juu ya kikomo, si mbaya sana. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa kizuri.

Alisoma, akanyamaza kidogo. "Kaka, ile potasiamu ya saba ilitoka kwa mtoto au ilitoka kwenye boti?"

Nikamwambia ilitoka kwenye boti, na kwamba nilikuwa nimeiona rangi.

Hakunigombeza. Ningependelea angenigomba. Kuna mwenzetu mmoja alisema asubuhi kwamba mwisho wake ulikuwa mwema: kama si ile namba, familia ingekaa siku tatu nyingine ikitafuta nauli, na kwa uvimbe unaojizidisha kila siku, siku tatu ni nyingi. Ni kweli kwa upande wa hesabu. Lakini siwezi kuichukua faraja hiyo, kwa sababu boti ile ingeweza kuzama, na dawa za kushusha potasiamu zingeweza kuingizwa kwa mtoto ambaye potasiamu yake ni ya kawaida. Insulini, mojawapo ya dawa hizo, haiulizi kama namba ilikuwa ya uongo.

Angalia pia kwamba 1,260, namba ya kweli, bado ni kubwa. Damu mbovu haikuizua LDH kutoka hewani. Iliikuza karibu mara tatu. Ndiyo hatari yake. Namba ya uongo mtupu tunaishtukia haraka, lakini hii ilikuwa ukweli uliotiwa chumvi.

Usiku ule ule tulipima malaria kwa kile kipimo cha haraka, na akawa nayo. Hapa kuna kitu ambacho wengi wa tunaokitumia kila siku hatukikumbuki: baadhi ya vipimo hivyo vina mstari unaotafuta LDH. Si ya binadamu, ni ya kimelea. Kimelea cha malaria kinaishi kwa kula sukari yetu kwa njia ile ile ya haraka, na kina laktati dehidrojenasi yake yenye umbo tofauti kidogo, kiasi kwamba kingamwili za kwenye kikaratasi zinaitambua na kuiacha yetu. Mstari mwingine, ule wa HRP2, protini nyingine ya kimelea, unaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Wa LDH hufutika mapema kimelea kikifa. Kwa mtoto huyu mistari yote ilikuwepo. Akapewa dawa mseto, na sisi tukajua kwamba sehemu ya ile 1,260 huenda ni ya malaria, kwa kuwa nayo inapasua chembe nyekundu. Kiasi gani, hakuna mashine ya kugawa.

Ndiyo sababu uthibitisho haukutoka kwenye damu kabisa. Altrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimevimba na kuna uvimbe mwingine tumboni. Daktari alichoma sindano nyembamba kwenye taya, tukapaka kwenye vioo na kuvitia rangi. Seli za bluu iliyokolea, zinazofanana kama mapacha, na katikati yake seli kubwa nyeupe zinazomeza mabaki ya zilizokufa. Wataalamu wa patholojia wanauita mwonekano huo anga lenye nyota. Nilituma picha Mwanza kwa simu, jibu likaja kabla ya chai: mleteni, na kinyama kikatwe huku.

Kabla ya safari alianzishiwa dripu nyingi na alopurinoli. Dawa hii ya bei ndogo inafanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kingine, zanthini oksidasi, kile kinachotengeneza asidi ya yuriki. Gertrude Elion na George Hitchings, walioitengeneza, walipata Nobel mwaka 1988. Ipo dawa kali zaidi, rasburikesi, ambayo yenyewe ni kimeng'enya cha kuivunja asidi iliyokwisha kutengenezwa, kitu ambacho binadamu alikipoteza zamani za mababu. Ni ghali mno. Na kwa ukanda wetu ina mtego: mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha kuzilinda chembe nyekundu, akipewa anaweza kupasukiwa damu vibaya. Upungufu huo umeenea zaidi kule malaria ilikoenea, na wavulana ndio wanaoathirika zaidi. Tungekuwa nayo, tungelazimika kupima kwanza.

Safari ya Mwanza ilipita Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Geita. Hospitali ya Bugando walianza siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, hii ya mwisho ikichomwa kwenye uti wa mgongo. Methotreksati nayo ni mambo ya vimeng'enya: inakaba kile kinachoiwasha folati, seli ikakosa malighafi ya kuandika DNA mpya. Watu huniuliza, kama LDH ndiyo tegemeo la saratani, mbona haizibwi yenyewe? Imejaribiwa sana maabara. Hakuna dawa ya kuiziba iliyofika wodini kama tiba ya kawaida, kwa kuwa misuli na chembe zetu wenyewe zinaitegemea. Kwa vimeng'enya vingine imewezekana: IDH2 na IDH1 zilizobadilika kwenye baadhi ya saratani za damu zina vidonge vyake tangu mwaka 2017 na 2018, kwa sababu pale kinachozibwa ni umbo lililoharibika, na lile la kawaida linaachwa lifanye kazi yake.

Siku ya pili ya dawa mjomba wa mtoto alinipigia kutoka Mwanza. Alikuwa amechungulia faili. "Kaka, ile LDH imepanda, ni 2,050. Dawa haifanyi kazi?" Nikamuuliza shavu likoje. Akasema limeshuka, jicho limefunguka. Nikamwambia aamini shavu. Dawa ikiwa imeshika, seli zinapasuka kwa wingi na namba inapanda kabla ya kushuka. Ya kuangaliwa siku zile ni mkojo, potasiamu na figo, na hivyo walikuwa wanavipima mara kadhaa kwa siku. Baada ya siku kumi ilikuwa 340.

Huku kwetu tulibadilisha mambo machache. Tyubu ikitoka nyekundu, LDH na potasiamu hazitoki. Linatoka neno "damu imepasuka, rudia" na simu juu yake. Vituo vya mwambao tuliviambia visitangulize tyubu ya mtoto mwenye uvimbe wa taya. Vimtangulize mtoto, nauli tutaizungumza akishafika. Hilo la nauli bado linatusumbua, na sioni maabara ikilitatua.

Alirudi baada ya mizunguko yote, nywele zimeanza kuota, taya limekaa sawa, pengo la magego mawili likisubiri meno ya ukubwani. Bibi alikuja naye dirishani. Nilishamweleza kuhusu ile tyubu ya kwanza, tangu siku ile kabla hawajaondoka kwenda Mwanza; alisikiliza, akaniuliza tu kama boti yenyewe ilikuwa ya lazima, nikamjibu kwamba si kwa usiku ule. Hakusema kitu. Safari hii hakuuliza namba kwanza.

"Maji yake yana rangi gani?"

Nikainua tyubu aione. Nyasi kavu.

"Na namba?"

"262, bibi."

Akamfunga mtoto vifungo vya shati na kuuliza kama kadi ya kliniki anaweza kuichukulia dirisha lile lile, maana boti inaondoka saa nane.